Vidakuzi vya Tovuti: Stakabadhi Isiyoonekana



Mkulima wa ufuta wa Kilwa Kivinje au Mchinga apelekapo magunia yake ghalani, hupimiwa, huandikwa daftarini, kisha hupewa stakabadhi yenye namba. Arudipo kuulizia malipo hana haja ya kujieleza upya: karani huitazama namba ile, hufungua daftari, na habari zote hudhihirika. Anayekifahamu kitendo hiki amekwisha fahamu nusu ya jambo tunalokusudia kulieleza.

Siku hizi bei za minada hutazamwa katika simu, na hesabu za vyama vingi vya msingi huingizwa katika kompyuta. Tovuti nyingi, zinapofunguliwa, humwuliza mgeni iwapo anakubali vidakuzi. Wengi wetu hubonyeza "Nakubali" ili tupite, mfano wa mtu atiaye dole gumba katika karatasi asiyoisoma.

Kidakuzi ni maandishi mafupi, aghalabu namba tu, ambayo mtambo wa mwenye tovuti huyatuma yahifadhiwe katika simu au kompyuta ya mgeni. Kila mgeni arudipo, simu huyarejesha maandishi yale, na tovuti humtambua. Mtindo huu ulibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, mhandisi wa kampuni ya Netscape ya Marekani, kwa kuwa tovuti hazikuwa na kumbukumbu: kila ukurasa ulimpokea mtu kana kwamba hajapata kufika. Kidakuzi, basi, ni stakabadhi. Daftari lenyewe hubaki kwa mwenye tovuti.

Viko vidakuzi vya namna mbili. Vya kwanza ni vya mwenye tovuti mwenyewe. Hivi hukumbuka lugha uliyoichagua, au kwamba umekwisha toa neno lako la siri, na vina manufaa. Vya pili huwekwa na kampuni nyingine, ambayo tangazo lake limo ukurasani. Kampuni hiyo ikiwa na matangazo katika tovuti mia, yaweza kukutambua katika zote na kuunganisha nyayo zako: asubuhi umesoma bei ya ufuta, mchana dawa ya presha, jioni habari za mikopo. Ni kana kwamba mtu mmoja ameketi mlangoni mwa kila ghala, tangu Somanga hadi Lindi, akiandika nani ameingia. Aidha, hata pasipo vidakuzi, tovuti huona anwani ya mtandao, aina ya simu na saa ya kuingia.

Kwa chama, hatari kubwa zaidi iko karibu. Kidakuzi kinachomtambua mtu aliyekwisha ingia katika hesabu ni sawa na ufunguo. Katibu akitumia kompyuta ya kukodi, kisha akaondoka bila kujitoa, ajaye baada yake aweza kuyakuta majina ya wanachama, kilo zao na namba zao za benki. Atakayeumia ni mkulima ambaye hata hakuwapo.

Ibara ya 16 ya Katiba ya mwaka 1977 yatambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume inayoisimamia ilizinduliwa tarehe 3 Aprili 2024. Yafaa ifahamike kwamba sheria hii haiyahusu makampuni ya mbali pekee. Chama kiandikacho majina na akaunti za wanachama nacho ni mkusanyaji wa taarifa: chapaswa kusajiliwa na Tume, kukusanya kile tu kinachohitajika, na kumweleza mwanachama sababu yake.

Kwa hiyo, kila chama kizingatie haya:

(a) Hesabu za chama zisifunguliwe katika kompyuta ya kukodi wala simu ya kuazima.

(b) Kazi ikiisha, mhusika ajitoe, wala asitosheke na kufunga ukurasa.

(c) Tovuti inapotoa nafasi ya kukataa vidakuzi vya matangazo, vikataliwe. Vya lazima vyatosha.

(d) Vidakuzi vya zamani vifutwe mara kwa mara katika mipangilio ya kivinjari.

Hakuna mkulima aachaye stakabadhi yake barazani. Viongozi waliokabidhiwa taarifa za wenzao wazitunze kwa uangalifu uleule.