Kabla ya Miale, Picha

Mzazi anayempeleka mtoto kwenye tiba ya mionzi huweza kujiuliza: mbona mwanangu amelazwa kitandani muda mrefu, anapigwa picha zilezile za juzi, na miale yenyewe ni ya dakika chache tu? Mwingine hudhani mashine imeharibika. Leo tulitazame jambo hilo, maana usalama wa mtoto umo humo.

Miale hiyo haionekani, wala haiumi inapoingia mwilini. Kazi yake ni kuharibu chembe za saratani zisizaane tena. Lakini miale haichagui. Chembe nzima zilizo njiani nazo huumia. Kwa mtoto hatari ni kubwa zaidi, kwa kuwa bado anakua. Mfupa uliopata miale mingi huweza kudumaa, na ubongo ukiguswa mtoto huweza kupata shida ya kujifunza.

Tena uvimbe hautulii mahali pamoja. Mtoto akipumua, figo husogea. Kibofu kikijaa, vilivyo jirani husukumwa. Mvuvi wa Ukerewe haendei nyavu zake kwa kukumbuka tu alipozitega. Hutafuta chelezo kwanza, kwani mawimbi huzisogeza. Mtaalamu naye hupiga picha, huilinganisha na ile ya mpango, husogeza kitanda kidogo, ndipo huwasha miale. Bila picha hulazimika kupanua eneo ili asiukose uvimbe, na nyongeza hiyo huangukia mwili mzima usio na ugonjwa. Picha nazo hutumia mionzi kidogo, ndiyo maana kwa watoto hupigwa kwa kipimo cha chini.

Si kila mashine ina uwezo huo. Zile za kobalti, zilizotumika miaka mingi katika nchi zetu, kwa kawaida hutegemea alama zilizochorwa kwenye ngozi. Mzazi, alama hizo usizifute unapomwogesha mtoto! Hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, ilipata mashine za kisasa zaidi mwaka 2018. Lakini kutoka Mwanza ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, na tiba huweza kuchukua wiki kadhaa, Jumatatu hadi Ijumaa.

Hata hivyo, si kila saratani ya mtoto huhitaji miale. Ile ya taya au tumbo, aliyoieleza daktari Denis Burkitt nchini Uganda mwaka 1958, na ambayo huonekana sana ukanda huu wa ziwa, hutibiwa hasa kwa dawa za dripu. Uamuzi ni wa daktari, na kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, Bugando wapo wataalamu wa saratani.

Ya mzazi ni mawili. La kwanza, awahi: taya likivimba na meno kulegea, tumbo likijaa upande mmoja, au mboni ya jicho ikimeta weupe, asingoje mavuno wala mnada. La pili, asikatize tiba kwa kuona uvimbe umenywea. Uvimbe kunywea siyo kupona.