Damu Ikimtoka Sana Mzazi, Maziwa Hukauka

Mama amejifungua salama, lakini damu imemtoka nyingi mpaka akazimia na kuongezewa damu. Nyumbani anapikiwa mtori na supu ya pweza, ila mtoto akinyonya hapati kitu. Mawifi wananong'ona: hajali mtoto, au ana jicho la watu. Miezi inapita, hedhi hairudi. Nywele za siri alizonyolewa siku ya kujifungua hazijaota tena.

Huo ni ugonjwa wa Sheehan. Harold Sheehan, daktari Mwingereza, aliueleza mwaka 1937 akiwa Glasgow, baada ya kuchunguza maiti za akina mama waliofariki baada ya uzazi.

Chini ya ubongo kuna tezi iitwayo pituitari, isiyozidi punje ya njegere. Ndiyo inayoziamuru tezi ya shingoni, tezi zilizo juu ya figo na ovari. Mimba ikiingia, pituitari hunenepa, kwa kuwa chembe zinazotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa, huongezeka. Inahitaji damu nyingi, na mishipa inayoilisha ina msukumo mdogo. Mzazi akivuja damu presha ikashuka, sehemu ya mbele ya tezi huweza kukosa hewa na kufa. Haioti upya.

Prolaktini ikikosekana maziwa hayatoki, hata mama ale nini. Kumlaumu ni kumwonea. Ovari zisipoamshwa, hedhi hukoma. Tezi ya shingoni ikidorora, anasikia baridi watu wengine wakitokwa jasho. Hatari kubwa iko kwenye kotisoli, homoni ya tezi zilizo juu ya figo: ikipungua, malaria au kuhara kwa siku mbili kunaweza kumzimisha na hata kumuua.

Wengi hugundulika baada ya miaka mingi, wakiwa wameshatibiwa uchovu na upungufu wa damu bila nafuu. Kumbe vipimo vya homoni kwenye damu vingeonyesha. Tiba ni vidonge vya kila siku, maisha yote: kwanza vya kuziba pengo la kotisoli, ndipo vya tezi ya shingoni. Mpangilio huo ukigeuzwa, mgonjwa anaweza kuzidiwa ghafla.

Kinga ni kuiwahi damu. Utafiti uliotangazwa mwaka 2023, uliofanyika Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa wazazi zaidi ya 200,000, ulitumia mfuko wa plastiki wenye alama za vipimo, unaotandikwa chini ya mama ili damu ipimwe badala ya kukisiwa kwa macho. Ikionekana kuzidi, mkunga alifanya yote kwa mkupuo: kukanda tumbo, kutoa oksitosini na dawa nyingine, kumtundikia dripu na kutafuta chanzo. Kuvuja damu kupita kiasi, kufanyiwa upasuaji kwa sababu hiyo au kufa kulipungua kwa asilimia 60.

Mzazi aliyetokwa na damu nyingi, kisha akakosa maziwa na hedhi, apelekwe hospitali, na daktari aelezwe habari ya damu ile hata kama imepita miaka kumi.