Moto kazini: Inspekta wa Serikali ana daraka gani?



Wengi wetu tukiona gari ya Serikali inasimama mbele ya biro, tunasema: "Inspekta wa kazi amekuja juu ya mishahara." Ni kweli, mishahara iko ndani ya kazi yake. Lakini sheria imempa tena daraka lingine lisilojulikana sana: kutazama kama mahali pa kazi pamekingwa na moto, na kama moto ukitokea watu watapata njia ya kutoka.

Juu ya nini ukurasa wa afya useme habari hii? Kwa sababu moto unaua mara nyingi kwa moshi, hata mtu ambaye ndimi za moto hazikumfikia. Kitu kikiungua mahali penye hewa kidogo kinatoa gazi inayoitwa oksidi ya kaboni. Haina rangi, haina harufu. Inashikamana na damu kwa nguvu kupita oksijeni zaidi ya mara 200, basi damu haiwezi tena kubeba hewa safi. Mtu anasikia kichwa kinauma, miguu inalegea, anaanguka. Hapo sisi wa dispanseri tunaweza kumpa oksijeni upesi, kama amefika kwetu akiwa bado mzima. Kazi kubwa inapaswa kufanyika mbele ya siku hiyo.

Tuchukue mfano wa mgodi wa makaa ya mawe wa Bois du Cazier, kule Marcinelle, Ubelgiji. Tarehe 8 Agosti 1956, saa mbili na dakika kumi asubuhi, kwenye kina cha metre 975, kigari kilikuwa kimekaa vibaya ndani ya kaji, yaani sanduku la chuma linalopandisha watu na mizigo. Kaji ikaondoka, kigari kikagonga boriti, na boriti ikakata bomba la mafuta, nyaya za umeme na bomba la hewa yenye nguvu. Mafuta yakashika moto, na hewa ya bomba ikaupuliza kama mvukuto wa mhunzi. Kisima hicho ndicho kilichokuwa kinaingiza hewa mgodini, kwa hiyo moshi ulifuata njia ya hewa mpaka kwa watu. Waliokuwa chini walikuwa 275. Walikufa 262, na kati yao Waitalia 136.

Mwaka 1959 mahakama iliwaachilia washitakiwa wote. Mwaka 1961 mahakama ya rufani ilimhukumu mmoja tu, mkubwa wa kazi za mgodi: kifungo cha miezi 6 kilichoahirishwa. Lakini mafuta, umeme na hewa kupita pamoja ndani ya kisima kimoja ni jambo ambalo mtu angeweza kuliona kwa macho mbele ya siku ile. Kazi ya mkaguzi ni kuona jambo la namna hiyo wakati watu wangali wazima.

Kwetu, kazi ya inspekta inasimamiwa na Sheria ya Kazi ya 16 Oktoba 2002, pamoja na Mkataba namba 81 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1947, ambao nchi yetu iliukubali mwaka 1968. Mkataba huo unamruhusu inspekta kuingia mahali pa kazi saa yoyote, mchana au usiku, bila kupiga hodi mbele. Neno hili lina maana yake. Mahali pengine, wakijua mgeni anakuja kesho, mitungi ya kuzimia moto inapanguswa leo, na mlango wa nyuma uliofungwa kwa kufuli mwaka mzima unafunguliwa. Kwa ziara ya kushtukiza ataona atelye namna inavyokuwa kila siku: mapipa ya mazuti karibu na mtu anayeunga chuma, matambara ya mafuta chini ya meza, njia ya kutokea iliyozibwa na masanduku.

Anaweza pia kumuuliza mfanyakazi maswali peke yake, bila kapita kusimama kando. Anaweza kudai vitabu na karatasi, na kuchukua kidogo cha vitu vinavyotumika ili vipimwe. Kama hatari iko karibu, anaweza kuamuru kitu kitengenezwe mara moja. Kumzuia ni kosa lenye adhabu.

Lakini mkataba unamfunga yeye pia. Hana ruhusa ya kuwa na faida yoyote katika kampuni anayoikagua, wala kutoa siri za kazi alizoziona. Na hili ndilo ningependa lisomwe mara mbili: mtu akimpelekea malalamiko, inspekta anapaswa kuficha kabisa jina lake, na haruhusiwi kumwambia mwajiri kwamba amekuja kwa sababu ya malalamiko. Mafundi wengi wananyamaza juu ya mlango uliofungwa kwa kuogopa kazi yao. Sheria inaijua hofu hiyo.

Tusichanganye madaraka. Kununua mitungi, kuifanya ipimwe, kufundisha watu na kuacha milango wazi ni kazi ya mwajiri. Inspekta akipita asiseme kitu, mwajiri hajafutiwa daraka lake. Kwa mgodi wenyewe, Sheria ya Migodi ya 11 Julai 2002 inaipa Idara ya Migodi kazi ya kukagua usalama, kwa hiyo ajue kila mmoja ni mlango gani wa kupiga hodi.

Ukiona hatari, anza kwa kapita wako na kwa Komite ya usalama na usafi. Sema ni kitu gani, kiko wapi, tangu siku gani. "Mtungi wa karibu na mashine ya pili mshale wake umeshuka kwenye nyekundu tangu Jumatatu" ni habari ya kufanyia kazi. "Hapa hakuna usalama" haimsaidii mtu. Wasipojibu, peleka maneno yaleyale kwa inspekta. Na kama moshi umekwisha kuonekana, piga kelele na toka, ukiinama chini ambako hewa ni safi kidogo.