Kuziba kwa Muda Uvujaji katika Mitambo ya Ombwe: Mazingatio kutoka Rohero, Bujumbura

Makala haya yanafafanua namna ya kuziba kwa muda uvujaji katika mitambo ya ombwe, yaani mitambo inayofanya kazi baada ya hewa kuondolewa ndani yake. Hoja kuu ni kwamba kiraka cha muda ni halali pale tu tatizo limethibitishwa na tarehe ya kukiondoa imewekwa.

Uthibitisho huanzia kwenye kipimo. Rohero iko takriban mita 800 juu ya usawa wa bahari, ambapo kanieneo ya angahewa ni kama kilopaskali 92, si 101 kama ilivyo pwani. Kwa hiyo, kipimo cha mshale kinacholinganisha ombwe na hewa ya nje hakiwezi kushuka chini ya -92, hata mtambo ukiwa mzima. Fundi anayetarajia -101 atatafuta tundu lisilokuwapo. Njia ya uhakika zaidi ni kufunga vali ya pampu na kufuatilia kanieneo ya ndani. Ikipanda kwa kasi isiyobadilika, hewa inavuja. Ikipanda kisha ikatulia, yaelekea ni unyevu unaotoka katika kuta za chombo.

Tundu likithibitika, pete ya mpira na mahali inapokaa husafishwa kwanza, kwani uchafu ni chanzo cha kawaida cha uvujaji. Ufa mdogo wa metali huweza kuzibwa kwa nje kwa nta au puti maalumu ya ombwe, ambazo huondolewa kwa urahisi. Gundi ya epoksi hushika zaidi, lakini hutatiza uchomeleaji wa baadaye. Kioo chenye ufa hakizibwi, kwa kuwa kinaweza kuvunjika kwa kishindo.

Aidha, ipo mitambo isiyostahili kiraka kabisa. Mfano ni mtambo wa hospitali unaoondoa hewa kabla ya kuua vijidudu kwa mvuke. Kiwango cha Ulaya EN 285 hakiruhusu kanieneo yake kupanda zaidi ya kilopaskali 0.13 kwa dakika wakati wa jaribio la uvujaji. Hewa iliyobaki huuzuia mvuke kuvifikia vifaa vya upasuaji, na anayedhurika ni mgonjwa.

Inapendekezwa, basi, kila kiraka kiandikwe tarehe, aina ya kizibo na siku ya matengenezo kamili. Na bajeti ya kununua mtambo ijumuishe pete na vali za akiba. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa uliozibwa na kusahauliwa nao hugharimu ukuta.