Ameliona, amelikagua, ameridhika nalo

Nilikwenda steshenari moja ya Makorora, karibu na soko, kutoa nakala ya kitambulisho tu. Mbele yangu walisimama watatu: mwenye gari, mnunuzi, na dalali aliyejiweka katikati yao kama mshenga. Dada wa kompyuta alifungua faili la mkataba, akafuta jina la mnunuzi wa juzi, akaandika la leo. Akabadilisha namba ya usajili, ya chesisi, ya injini, kisha bei. Sentensi moja hakuigusa: "Mnunuzi ameliona gari, amelikagua na ameridhika nalo."

Mnunuzi, kijana dereva wa bajaji, alikuwa hajainua hata boneti. Gari lenyewe, IST ya rangi ya fedha, lilikuwa ng'ambo ya barabara, injini ikiunguruma bila dereva. Sikujua kama ni haraka, au likizimwa haliwaki.

Sentensi ile ilinikosesha raha. Kesho yake nikarudi.

Dada anasema hakuitunga yeye. Aliikuta kwenye kompyuta siku alipoanza kazi, nayo ilinakiliwa kutoka mkataba wa wakili asiyemjua. Imewauzia watu Noah, Passo na pikipiki. Siku moja alisahau kubadilisha maneno, friji likauzwa Makorora likiwa limekaguliwa injini na bodi. Pande zote mbili zilitia sahihi na mashahidi wao.

Anacheka akisimulia, mimi nikiwazia sheria. Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, tuliyoirithi kutoka ile ya Uingereza ya 1893, humkinga mnunuzi hata pale mkataba uliponyamaza: muuzaji lazima awe na haki ya kuuza, na akiwa mfanyabiashara wa magari, gari lazima liwe na ubora wa kuuzika. Lakini mnunuzi aliyekagua hakingwi na kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuionyesha. Jirani anayeuza gari la nyumbani kwake si mfanyabiashara, hivyo kwake kinga ni nyembamba zaidi. Hata Sheria ya Ushindani ya 2003, inayokataza kupotosha wateja, inazungumzia mambo ya biashara. Kijana wa bajaji akitia sahihi kwamba amekagua, ametoa ushahidi dhidi ya nafsi yake, tena ameulipia kwa ukurasa.

Wengi hudhani muhuri wa wakili au wa mwenyekiti wa mtaa unaponya yote. "Muhuri unashuhudia sahihi, kaka yangu," dada ananiambia. "Haushuhudii giaboksi."

Yeye si mwanasheria. Anachojua amekipata kwa wanaorudi. Kuna waliokuta gari lina faini za trafiki, zinazoifuata namba na si aliyetenda makosa. Wapo walioshindwa kubadilisha umiliki TRA kwa sababu jina lililo kwenye kadi ni la mtu wa tatu, aliyekwenda Muscat au kaburini. Na wapo walioinua zulia la miguuni wakaona lami: gari la pwani huoza kwa chini, chumvi haina subira, na dalali anayesema "weka mafuta uondoke" hakuongopa kuhusu mafuta.

Ndipo akaongeza mstari wake mwenyewe chini ya ile sentensi: "Kasoro anazozijua muuzaji ni," kisha nukta hadi mwisho wa karatasi. Mstari huo tu.

Nilitarajia aniambie wauzaji ndio wanaoupinga. Wapo, lakini anasema wanaoona haya kwanza ni wanunuzi. Kumwuliza mtu uliyesali naye Ijumaa gari lake lina nini ni kama kumwita mwongo mbele ya watu. Je, haya hiyo inamlinda nani? Na kwa nini kazi ya kuuliza imeangukia kwa mchapaji?

Siku ile ya kwanza, dalali alipouona mstari aliomba ufutwe, mkataba usiwe mrefu. Dada hakumjibu. Alimgeukia kijana. Kijana akaitazama IST, akamtazama mwenye gari, akatabasamu.

"Futa tu, dada."

Akafuta, akachapa nakala, wakatia sahihi. Walipovuka barabara alirudisha zile nukta kwenye faili, akanyoosha mkono kuchukua kitambulisho changu.