Dokta Laveran, mganga wa askari

Kila padri na kila katekista wa vijijini amekwisha kumzika mtoto aliyeuawa na malaria. Na mara nyingi, hata kabla ya kuzika, amewasikia watu wakiulizana: «Nani amemroga?» Basi tunaona vema kueleza maisha ya mtu aliyemwona adui huyo kwa macho yake, wa kwanza kuliko wote.

Alphonse Laveran alizaliwa Paris tarehe 18 Juni 1845. Baba yake alikuwa mganga wa jeshi, naye akafuata kazi hiyohiyo. Alisoma Strasbourg, akapata udaktari mwaka 1867. Katika vita ya mwaka 1870 kati ya Wafransa na Waprusya aliwatunza majeruhi huko Metz. Kisha akafundisha Val-de-Grâce, hospitali ya jeshi iliyokuwa zamani nyumba ya watawa Wabenedikto.

Mwaka 1878 alitumwa Algeria, mahali askari wengi waliposhikwa na homa. Siku zile wataalamu walidhani homa hiyo yatoka katika hewa mbaya ya mabwawa; ndiyo maana ya neno «malaria» katika Kiitalia. Laveran hakutosheka na maneno hayo. Alitafuta katika damu yenyewe. Tarehe 6 Novemba 1880, katika hospitali ya Constantine, alitazama kwa mikroskopi tone la damu ya askari mgonjwa. Akaona kitu cha mviringo chenye nyuzi nyembamba zinazochezacheza. Kumbe, ni kijidudu kilicho hai!

Hakutegemea mgonjwa mmoja. Alipima damu ya wagonjwa 192, akakuta vijidudu kwa watu 148. Tena aliona kwamba mgonjwa akinywa kinini, vijidudu vinatoweka.

Wengi hawakumsadiki. Yeye hakuchoka kuwaonyesha, na mwaka 1884 Pasteur mwenyewe alitazama, akakubali. Mwaka huohuo Laveran aliwaza ya kuwa labda mbu ndiye anayechukua vijidudu hivyo; mwaka 1897 Mwingereza Ronald Ross, akiwa Uhindi, alivikuta ndani ya mbu.

Laveran aliacha jeshi mwaka 1896, akaingia Chuo cha Pasteur. Huko alichunguza pia vijidudu vya jamii ile iletayo malale, ugonjwa ulioangamiza vijiji vingi vya Kongo. Mwaka 1907 alipewa tuzo ya Nobel; nusu ya feza yake aliitoa ili kujenga maabara ya magonjwa ya nchi za joto. Alikufa tarehe 18 Mei 1922.

Hatumweki kati ya watakatifu. Lakini tujifunze kwake jambo moja: hakusema kabla ya kuona. Anayeuliza «nani amemroga?» anapoteza siku ambayo mtoto angalipata dawa, tena anamshitaki jirani bila ushuhuda, na hiyo ni zambi juu ya amri ya nane. Katekista anayewahimiza wazazi kumpeleka mtoto dispensari siku ya kwanza ya homa, na kumlaza ndani ya chandarua, anatimiza amri ya mapendo. Naye analinda pia amani ya kijiji.