Betri, Programu Dhibiti na Mfumo Endeshi Huria: Ufafanuzi kwa Kuzingatia Mtumiaji wa Lupepo, Wilayani Rungwe

Makala hii inafafanua namna mfumo endeshi huria wa Linux unavyopata taarifa za betri ya kompyuta mpakato, na kwa nini taarifa hizo hupotoka. Mtumiaji anayezingatiwa ni mwalimu au mwanafunzi wa Lupepo mwenye kompyuta iliyokwisha kutumika kwingine, ambaye umeme ukikatika hutegemea betri. Kwake, asilimia isiyo sahihi ni kazi inayopotea mashine inapozimika ghafla.

Kerneli ya Linux haipimi betri yenyewe. Husoma majedwali yaliyomo katika programu dhibiti, kwa utaratibu wa ACPI uliotangazwa mwaka 1996 na kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba. Kwa kuwa watengenezaji wengi huyajaribu majedwali hayo kwa Windows, programu dhibiti inapouliza ni mfumo upi unaoendeshwa, Linux hukubali majina ya Windows ili ipewe njia iliyojaribiwa. Kasoro iliyomo katika jedwali, basi, huonekana kama kasoro ya Linux.

Hapa yapasa kutofautisha mambo mawili: betri iliyochoka na taarifa iliyopotoka. Katika saraka ya /sys/class/power_supply, kerneli huonyesha ujazo wa awali na ujazo kamili wa sasa. Kwa mfano, ikiwa wa awali ni mAh 4,400 na wa sasa ni mAh 2,200, betri imebakiwa na nusu ya uwezo wake. Kubadili mfumo endeshi hakutairejesha. Lakini ikiwa ujazo wa sasa unakaribia ule wa awali, ilhali mashine huzimika ikionyesha asilimia 30, kipimo ndicho cha kutiliwa shaka kwanza. Kuichaji betri hadi ijae, kisha kuitumia hadi iishe, mara nyingi hukisahihisha kipimo hicho. Hatua hiyo haigharimu chochote, nayo yapasa kutangulia ununuzi wa betri mpya.

Kasoro ikiwa katika programu dhibiti, fwupd, programu huria iliyoasisiwa na Richard Hughes mwaka 2015, huweza kuisasisha iwapo mtengenezaji ametoa toleo jipya. Hata hivyo, usasishaji huo huhitaji umeme wa uhakika, kwa kuwa ukikatizwa katikati mashine yaweza kushindwa kuwaka. Hivyo betri mbovu huweza kuzuia tiba yenyewe.

Suala la mwisho ni kikomo cha kuchaji, kinachopatikana katika baadhi ya mashine, zikiwamo ThinkPad nyingi. Kusimamisha chaji kwenye asilimia 80 hurefusha maisha ya betri, lakini hupunguza saa za kazi umeme unapokatika. Kwa mazingira ya Lupepo, makala inapendekeza kikomo kitumike siku za umeme wa kutegemeka na kiondolewe pale ukatikaji unapotarajiwa. Ushauri ulioandikwa kwa ofisi isiyokosa umeme haufai kuhamishwa bila kupimwa upya.